Mahame: vita vinapomrudishia mbung'o shamba

Katika miombo ya kusini mwa Tanzania, kati ya Rufiji na Ruvuma, ipo namna ya kujua kama pori ulilosimama ndani yake ni la siku zote au ni mahame. Anza na miti. Ukiona miti ya rika moja, tena mashina mawili matatu yakitoka kwenye kisiki kimoja, jua palifyekwa kisha pakaachwa. Tazama chini: vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililolika katikati, mavi ya chuma mahali palipokuwa na tanuri la wahunzi. Na mwembe mkubwa uliojitenga peke yake, mbali na njia na mbali na mto, kwa kawaida una mtu aliyetema kokwa yake pale.

Watalii huambiwa kuwa hilo ni pori lisiloguswa. Limeguswa sana. Ila mikono iliyoligusa iliondolewa, na kilichoiondoa kwa sehemu kubwa ni vita. Tumezoea kufikiri kwamba vita huharibu mazingira kwa kuchoma misitu na kumwaga mafuta baharini, na kweli hufanya hivyo. Huku vilifanya kinyume chake: viliongeza miti, vikaongeza wanyama, na katikati ya miti na wanyama akarudi mdudu mmoja ambaye alikuwa amezuiwa kwa jembe.

Mdudu huyo ni mbung'o, au ndorobo kama wafugaji wengi wanavyomwita. Ng'ombe humpa nagana, binadamu humpa malale. Uzazi wake si wa nzi hata kidogo. Jike hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni, akimlisha humo humo, na humzaa kila baada ya siku tisa au kumi. Buu hujichimbia kwenye udongo laini ulio kivulini, huko akageuka pupa, na baada ya kama mwezi mmoja hutoka akiwa nzi kamili. Jike akibahatika kuishi miezi miwili mitatu, watoto wake hawafiki dazeni. Huo ni uzazi wa tembo. Kwa hiyo mbung'o hana akiba: ukimpunguzia kidogo kila siku, idadi yake inaporomoka.

Sasa weka shamba la mtama lililopaliliwa mbele ya mdudu wa namna hiyo. Udongo uko wazi, jua linaukausha, pupa anafia ndani. Hakuna shina la kupumzikia mchana wa joto. Hakuna ngiri wala pongo wala nyati wa kunyonya damu, kwa sababu wenye shamba wamewafukuza au wamewala. Hakuna aliyelilima shamba hilo kwa nia ya kupiga vita mbung'o. Watu walikuwa wanatafuta ugali. Lakini mashamba yaliyopakana, na mbuzi wanaokula machipukizi pembezoni, na kuni zinazokatwa kila siku, vyote hivyo vilikuwa ukuta.

Ukuta huo hausimami wenyewe. Chukua kaya 100, kila moja na hekta yake, mashamba yamebanana kuwa mraba mmoja. Upande wa mraba ni kilomita moja, mzunguko wake kilomita nne. Kila kaya inaangukiwa na mita 40 za ukingo wa kulinda. Ondoa kaya 75. Zilizobaki 25 zina mraba wenye upande wa mita 500 na mzunguko wa kilomita mbili. Kila kaya sasa ina mita 80. Kazi ya kuamia ndege mchana na kukesha na nguruwe usiku imekuwa maradufu, na waliobaki kuifanya ni wazee, wanawake na watoto, maana wenye miguu ya haraka ndio waliochukuliwa au waliokimbia. Hiyo ni hesabu ya kijiji kilichobaki pamoja. Mashamba yakitawanyika vipande vipande, inakuwa mbaya zaidi. Inafika siku ukingo haulindiki, na kaya za mwisho zinahama hata kama hakuna aliyezielekezea bunduki.

Baada ya hapo pori halingoji kupandwa. Myombo ukikatwa haufi. Mizizi inabaki hai chini ya shamba miaka na miaka, ikikatwa vichipukizi na jembe kila msimu. Palizi ikikoma, mwaka wa kwanza huota magugu na nyasi, kisha vichipukizi vinapanda, na miaka michache tu kichaka kinampita mtu kimo. Wa kwanza kuhamia ni nguruwe na ngiri. Mbung'o huja amepanda: hufuata kitu kinachotembea, iwe mnyama, mtu au msafara wa mizigo, na hushuka anapokuta kivuli.

Vita vya Maji Maji vilifanya haya yote kwa makusudi, ingawa waliokusudia njaa hawakumfikiria mdudu. Julai 1905 wakulima wa Umatumbi waling'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu, na moto ukaenea kusini karibu yote. Wajerumani walikuwa na bombomu, na kila walipokutana na watu uwanjani waliwafyeka. Tatizo lao lilikuwa kuwapata. Ndipo Kapteni Wangenheim akamwandikia gavana, von Götzen, kwamba mapigano pekee hayatamaliza kazi; njaa na dhiki ndizo zitakazowaleta watu kusalimu amri. Vikosi vikageukia chakula: nyumba zikachomwa, vihenge vikachomwa, nafaka na mbuzi vikachukuliwa, mashamba yakaharibiwa.

Kihenge kikichomwa, vinaungua vitu vitatu kwa mpigo. Kusini mvua ni msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba. Ndani ya kihenge cha Septemba kuna chakula cha kufikia mavuno, kuna mbegu, na kuna nguvu za kulima, kwa sababu mwenye njaa hashiki jembe siku nzima. Mbegu bora mara nyingi haikuwa hata kihengeni. Ilikuwa ndani ya nyumba, masuke yamefungwa na kutundikwa juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Ukichoma nyumba umechoma msimu ujao. Hivyo hata pale mapigano yalipokwisha kabla ya mvua, mvua ilinyesha juu ya watu wasio na cha kupanda, na mwaka wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Kilichopona vizuri ni muhogo: umejificha ardhini, haushiki moto, na unavumilia kuachwa bila kuvunwa mwaka mzima. Ila nguruwe naye anaujua ulipo.

Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha 250,000 hadi 300,000. Waliouawa kwa risasi ni sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Njaa na maradhi ndiyo yaliyomaliza watu, na kwa hiyo mashamba.

Kaskazini na katikati ya nchi pigo la namna hii lilikuwa limetangulia, na hilo nalo lina mkono wa jeshi. Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba ililetwa na ng'ombe wa jeshi la Italia walioshushwa bandari ya Massawa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 ilikuwa imefika Umasaini na imekwishaua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe njiani. Sotoka iliua nyati na ngiri pia, kwa hiyo mwanzoni mbung'o naye alipungua kwa kukosa damu. Hapa ndipo watu wengi hukosea wanaposimulia: wanaruka moja kwa moja kutoka sotoka hadi mbung'o. Kati yake ipo miaka ya ukimya. Wanyama wa porini walirudi upesi. Ng'ombe na wafugaji wakachelewa, na malisho yasiyoliwa yakawa vichaka. Wanyama waliporudi walikuta nyumba kubwa kuliko waliyoiacha.

Sasa geuza upande. Ardhi iliyokwisha kurudi kwa mbung'o ndiyo iliyoamua vita vilivyofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia, vipiganwe vipi.

Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, aliposhambulia kutoka upande wa Kilimanjaro Machi 1916, aliwaza kama mtu aliyejifunza vita juu ya farasi: zunguka ubavu, mkate adui njia. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na nchi kubwa nyuma yake, akawa anarudi kusini hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa ndani zaidi ya mbung'o. Farasi aliyeumwa huanza homa siku kumi hadi wiki tatu baadaye. Miguu na tumbo huvimba chini, macho hutoa machozi, anakonda huku bado anakula, na ghafla hawezi kusimama. Waganga wa mifugo walijaribu arseniki. Iliwasogeza siku chache. Farasi wengi waliishi wiki chache tu baada ya kuingia ukanda huo, nyumbu zaidi kidogo, na ng'ombe wa kukokota mikokoteni walianguka nao. Magari nayo yalikwama masika yalipolainisha udongo mweusi. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Hesabu ya mpagazi ni fupi na katili. Tuseme anabeba kilo 25, na yeye mwenyewe anakula kilo moja ya unga kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku tano, kwenda na kurudi anakula kilo 10, anafikisha 15. Ikiwa mwendo wa siku kumi, anakula 20, anafikisha tano. Ikipita siku 12 na nusu, hafikishi kitu. Askari 1,000 wakila kilo moja kila mmoja, kwenye umbali wa siku tano wanahitaji wapagazi wapatao 670 walio njiani muda wote. Kwenye umbali wa siku kumi wanahitaji 4,000. Umbali umeongezeka maradufu, watu wameongezeka mara sita. Na huo ni unga tu, bila risasi, bila dawa, bila mgonjwa wa kubebwa kwenye machela, ambaye naye anataka watu wanne au zaidi.

Hakuna jeshi lililoweza kuilipa hesabu hiyo kutoka ghala la bandarini. Jibu la pande zote mbili lilikuwa kula vijiji vya njiani, na kuchukua wanaume wa vijiji hivyo hivyo wabebe walichokula. Ugogo ilipitiwa na Wajerumani wakirudi nyuma, kisha na Waingereza wakiwafuata. Wote walichukua ng'ombe, nafaka na watu, halafu mvua ikagoma. Njaa ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliipa jina Mtunya. Inakadiriwa iliua hadi watu 30,000 kati ya wapatao 150,000.

Wapagazi wenyewe waliuawa zaidi na chungu kuliko na adui. Unga wa mahindi wa kijeshi ulikuwa mnene wenye makapi, unaotaka kupikwa muda mrefu. Wengi wao hawakuuzoea. Walikulia ndizi, mtama au ulezi. Wanafika kambini giza limeingia, kuni zimelowa, chungu kimoja kinagombewa na watu chungu nzima, basi wanakula uji mbichi na kulala matopeni. Makapi yanakwangua utumbo, kuhara kunaanza, na anayehara kwenye kijito ndiye aliyetangulia mbele ya wenzake wanaokunywa chini. Upande wa Waingereza peke yake waliopita kwenye kazi ya ubebaji na ukuli wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa hawakupungua 95,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, hadi leo, ingawa anayenunua nyanya pale hana sababu ya kulikumbuka.

Visa vingine vya mazingira katika vita hivyo vinasimuliwa zaidi kwa sababu vinachekesha au vina meli ndani yake. Tanga, Novemba 1914, risasi zilipiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na nyuki wakawavamia wanajeshi bila kuuliza bendera. Waingereza wengine waliamini ni mtego wa Kijerumani. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, milingoti imefungwa matawi. Ilihitaji zaidi ya mita tano za maji, na Waingereza hawakuweza kuifikia hadi walipoleta meli mbili zenye kina cha chini ya mita mbili na ndege za kuelekeza mizinga, wakaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikaburutwa bara. Amani, kwenye milima ya Usambara, kituo cha kilimo kilitengeneza dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini. Uchungu wake askari waliukumbuka uzeeni. Vyote ni kweli. Lakini ukiniuliza nini kiliubadilisha uso wa nchi, nitarudi kwenye ile kilo moja ya unga.

Makadirio ya wakati huo yanasema mwaka 1913 mbung'o alishika kama theluthi moja ya nchi. Mwaka 1937 alishika karibu theluthi mbili. Sehemu ya tofauti hiyo huenda ni ramani kuwa bora, lakini si yote.

Serikali ya Kiingereza ilijaribu kulirudisha jembe kwa amri. Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, mtafiti wa mbung'o, palifanywa majaribio makubwa ya kufyeka na kuchoma, na makosa yake yanafundisha hadi leo. Moto wa mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na maji, huunguza kwa madoa na kuacha vichaka vizima. Inabidi nyasi zilindwe zisichomwe hadi mwisho wa kiangazi, kisha zichomwe kwa pamoja siku ya joto na upepo, ndipo moto uue vichipukizi. Kufyeka nako kuna mtego: kisiki kilichokatwa kinachipua kwa nguvu zaidi, na msimu wa pili kichaka ni kizito kuliko mwanzo. Palipofanikiwa ni pale walipohamia watu na mifugo mara moja, wakalima. Palipofyekwa bila watu, kazi ilipotea.

Kusini walichagua njia nyingine. Miaka ya 1940, kwa sababu ya malale, watu wa magharibi mwa Liwale walihamishwa na kukusanywa kwenye makazi machache, na ardhi waliyoiacha ikaunganishwa na hifadhi ya wanyama. Hifadhi hiyo ilikuwa imepewa mwaka 1922 jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akipigana upande wa Waingereza. Ikakua hadi kama kilomita za mraba 50,000, ikaingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mimi sina ugomvi na hifadhi. Tembo wanahitaji mahali pa kukaa. Ninachokataa ni kuiita ardhi isiyo na wenyewe.

Si kila vita huongeza wanyama. Ng'ambo ya Ruvuma, vita vya Msumbiji vya 1977 hadi 1992 vilifanya kinyume, kwa kuwa safari hii bunduki za rashasha zilikuwa mikononi mwa kila kikosi na pembe zilikuwa na mnunuzi. Hifadhi ya Gorongosa ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa. Tembo walishuka kutoka 2,542 mwaka 1972 hadi 242 mwaka 2000. Majike yasiyo na pembe, ambayo kabla ya vita yalikuwa kama asilimia 18, yakawa karibu nusu, kwani aliyezaliwa bila pembe hakuwa na thamani ya risasi. Tabia hiyo inarithishwa kupitia kromosomu ya X, na dume likiirithi linaonekana kufa kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana hutaona madume yasiyo na pembe. Vita vilikwisha, chembe za urithi zimebaki.

Na mbung'o bado anajua kutumia amani. Teso, mashariki mwa Uganda, ilipoteza ng'ombe karibu wote kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa uasi na kwa wizi wa mifugo. Hali ilipotulia, watu walianza kununua upya, na ng'ombe wengi walitoka maeneo yenye malale, wengine wakiwa na kimelea chake damuni. Desemba 1998 malale ya aina kali yakazuka Soroti, ambako hayakuwahi kujulikana. Wagonjwa wengi walitoka karibu na soko la mifugo. Kanuni ya kuwatibu ng'ombe kabla ya kuwasafirisha ilikuwepo. Haikufuatwa.

Kuifuata si kazi ngumu, ila haikubali kukisia. Diminazini, dawa ya kuua vimelea hivyo, ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya mnyama, yaani miligramu 1,050 kwa ng'ombe wa kilo 300, apimwe kwa mkanda wa kifua na si kwa jicho. Anayepewa pungufu anazalisha vimelea sugu. Dawa hiyo huua vilivyomo lakini hailindi kwa muda mrefu, kwa hiyo sindano inapigwa kabla ng'ombe hajapakiwa kwenye lori, na akishuka apuliziwe deltamethrini, dawa ya kuua wadudu. Mbung'o hupenda kuuma miguu na tumbo, basi ukipulizia huko na masikioni kwa ajili ya kupe, umeokoa dawa nyingi. Kinachowafanya watu waruke hatua hizi ni kwamba kimelea cha malale hakimkondeshi ng'ombe kama vimelea vingine vya nagana. Sokoni anasimama mnene, manyoya yanang'aa, na mnunuzi anayeanza zizi upya baada ya miaka kumi bila ng'ombe huyo ndiye anayemchagua.